Mhadhiri Hajaiacha Kazi, Amekiacha Chuo

Walimu wa masomo ya sanaa wa shule za sekondari za Uganda walipoweka chaki chini tena Juni 2025, wakidai kulipwa sawa na wenzao wa sayansi, miaka mitatu baada ya mgomo wao wa Juni 2022, mjadala haukubaki shuleni. Ulipanda hadi vyuo vikuu. Huko nako wahadhiri wa sayansi wametangulizwa katika nyongeza za mishahara, na wale wa sanaa na sayansi za jamii wakaambiwa wasubiri zamu yao. Katika vipindi vya redio na katika mazungumzo ya wazazi wanaolipa ada nimesikia hitimisho moja likirudiwa: wahadhiri hawaridhiki, na kwa kuwa hawaridhiki hawajitumi, ndiyo maana wanachelewa darasani, alama za mitihani zinapotea, na kila mmoja wao ana vyuo vitatu. Anayelisema hili akiwa upande wa wahadhiri humalizia kwa kudai waongezwe fedha. Anayelisema akiwa upande wa Hazina humalizia kwa kudai wasimamiwe kwa mkono mzito zaidi. Wote wawili wanakubaliana juu ya ugonjwa na wanagombania dawa tu, nami nadhani ugonjwa wenyewe umesomwa vibaya.

Tunachanganya mambo matatu ambayo yanapaswa kutazamwa kila moja peke yake: kuridhika na kazi, kushikamana na taaluma, na kushikamana na taasisi inayokuajiri. Mhadhiri wa Uganda, kwa sehemu kubwa, bado anaipenda taaluma yake kuliko tunavyostahili kutarajia kwa jinsi anavyotendewa. Kilicholegea ni ile kamba iliyomfunga na chuo, na sera ya kulipa shahada moja kwa viwango viwili inazidi kuilegeza hata pale inapoongeza fedha mifukoni mwa baadhi yao. Kama hilo ni kweli, basi nyongeza ya mshahara peke yake haitarudisha kilichopotea, na usimamizi mkali utakipoteza haraka zaidi.

Utengano huu haukuanza na mimi. Mwaka 1959 Frederick Herzberg, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao mia mbili katika eneo la Pittsburgh, alidai kwamba yanayomfanya mtu achukie kazi na yanayomfanya aipende si ncha mbili za kijiti kimoja. Mshahara mdogo, usimamizi mbovu na mazingira duni huzaa chuki. Kuyarekebisha huondoa chuki hiyo, lakini hakuzai mapenzi. Mapenzi hutoka kwenye kazi yenyewe, kwenye kutambuliwa, kwenye kukua. Nadharia hiyo imekosolewa sana, na kwa haki, kwa kuwa mtu akihojiwa hupenda kujisifia mafanikio na kumlaumu bosi kwa mabaya. Hata hivyo inaeleza jambo ambalo yeyote aliyefundisha chuoni analijua: unaweza kutoka kwenye ofisi ya fedha ukiwa umefura kwa hasira, ukaingia darasani dakika kumi baadaye na kufundisha vizuri. Mwaka 1991 John Meyer na Natalie Allen wakaongeza kipande kingine. Walisema mtu hubaki katika taasisi kwa sababu za aina tatu: kwa kuwa anaipenda, kwa kuwa kuondoka kutamgharimu, au kwa kuwa anaona ana deni kwake. Watatu hawa wote wanaonekana kwenye orodha ya wafanyakazi, wote wanasaini, lakini anayebaki kwa mapenzi na anayebaki kwa kukosa pa kwenda hawakifanyii chuo kazi ile ile.

Turudi nyuma kidogo, maana kamba hii haikulegea jana. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, ilikuwa na walimu waliojiona kuwa watu wa Makerere kwanza, wa idara zao baadaye. Utawala wa Idi Amin uliuvunja moyo huo kwa damu. Makamu wa chansela mwenyewe, Frank Kalimuzo, alichukuliwa mwaka 1972 na hakuonekana tena. Waliobahatika walikimbilia ng'ambo, na waliobaki walijifunza kuishi kwa bustani ya mihogo, kwa duka, kwa teksi ya jioni. Ikumbukwe kwamba kizazi hicho ndicho kilichofunza kizazi kilichofuata namna ya kuwa mhadhiri, na miongoni mwa yaliyorithishwa ni wazo kwamba mshahara wa chuo ni wa kuanzia tu. Wa kuishi unautafuta mwenyewe.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Serikali iliruhusu wanafunzi wanaojilipia, madarasa ya jioni yakafunguliwa, na kabla ya muongo kwisha waliojilipia walikuwa wengi kuliko waliofadhiliwa na serikali. Fedha ziliingia, na sehemu yake ikawafikia wahadhiri kama posho juu ya mshahara. Wengi hukumbuka kipindi hicho kama neema, na kwa mifuko ilikuwa neema kweli. Lakini posho ilifuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo idara yenye soko, kama sheria au biashara, ilinenepa, na idara ya falsafa au lugha ikakonda, ndani ya chuo kile kile, chini ya seneti ile ile. Mhadhiri alianza kuuliza idara yake inaingiza kiasi gani badala ya kuuliza chuo chetu kinakwenda wapi. Nadhani hapo ndipo ufa wa kwanza ulipotokea, miaka mingi kabla ya yeyote kuzungumzia sayansi dhidi ya sanaa.

Posho hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwasha moto. Mwaka 2013 wahadhiri wa Makerere waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 100. Mwaka 2016 waligoma tena kwa ajili ya malimbikizo ya posho ambayo hayakulipwa, wanafunzi wakaandamana, na Novemba mwaka huo Rais Museveni akakifunga chuo hadi Januari 2017. Katikati ya migogoro hiyo ilitolewa ahadi ya kumfikisha profesa wa chuo cha umma kwenye shilingi milioni 15 kwa mwezi, na ahadi hiyo imekuwa ikitekelezwa kwa awamu. Katika mwaka wa fedha 2022/23 serikali ikaweka wazi nani anatangulia: mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi alipandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa sanaa mwenye shahada ya ngazi ile ile akibaki kwenye milioni moja na ushee, na vyuoni wahadhiri wa sayansi nao wakawekwa mbele ya foleni.

Nieleze kwa mfano mmoja ninachokiita kulegea kwa kamba, na nitaishia hapo kwa mambo yangu binafsi. Niliwahi kufundisha kwa muda katika chuo kimoja cha binafsi hapa Kampala, na nikashirikiana meza na mwenzangu aliyekuwa mwajiriwa wa kudumu wa chuo cha umma. Alikuwa na daftari dogo la kurasa za miraba ambamo ratiba yake ya wiki aliichora kwa rangi tatu: buluu kwa mwajiri wake, nyekundu kwetu, kijani kwa chuo cha tatu upande wa Entebbe. Karatasi za majaribio alizibeba kwenye mfuko wa sandarusi, kila chuo na fungu lake lililofungwa kwa kamba ya katani, na alizisahihisha ndani ya teksi ilipokwama kwenye mzunguko wa Kibuye. Siku moja niliokota karatasi iliyodondoka. Mwanafunzi alikuwa amekosea kutofautisha kauli ya kutendesha na ya kutendea, na mwenzangu alikuwa ameandika pembeni, kwa penseli na kwa mwandiko uliotikiswa na gari, mistari sita ya maelezo na mifano mitatu. Alama ingetosha kuwa mbili juu ya tano na mkasi. Hakuna aliyemlipa kwa mistari ile. Malipo yetu ya muhula huo yenyewe yalitoka muhula uliofuata ukiwa umefika katikati. Nilipomuuliza mbona hajawahi kuonekana kwenye mkutano wa idara, wala kwetu wala kwa mwajiri wake, alinijibu bila kuinua uso, "Ssebo, mikutano ni ya wenye chuo. Mimi nina wanafunzi."

Ukimpima mtu huyu kwa dodoso la kawaida la kuridhika na kazi, atapata alama za chini katika mshahara, za chini katika uongozi, na za juu katika ufundishaji. Mtafiti atajumlisha, atagawa, na kuandika kwamba anaridhika kwa kiasi. Wastani huo ndio unaotuficha. Mtu huyu hajagawanyika nusu kwa nusu; yupo mzima mahali pamoja na hayupo kabisa mahali pengine. Mahali asipokuwepo ndipo chuo kinapoishi kama chuo: kamati ya mitaala, usimamizi wa tasnifu zinazochukua miaka, kumshika mkono mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa jana, kufuatilia alama ya mwanafunzi iliyokosekana kwenye mfumo. Kazi hizi hazina saa, hazina posho, na zikikosa mtu wa kuzifanya kwa hiari hazifanyiki, hata kama kila kipindi kwenye ratiba kimefundishwa.

Sasa tuwape wenye hoja za upande wa pili haki yao. Hoja ya serikali kwamba sayansi itangulizwe si ya kijinga. Nchi yenye mapato ya kodi yaliyo madogo haiwezi kumpandishia kila mtu kwa siku moja; lazima mtu aanze. Daktari, mhandisi na mwanatakwimu wana soko nje ya chuo na nje ya nchi, na chuo kisipowashindania kitabaki na maabara zisizo na walimu, kwa hasara ya hospitali na viwanda. Mwalimu wa historia, wanasema, hana anayemvuta. Nakubali sehemu ya kwanza ya hoja hii kabisa. Kama serikali ingesema kwamba inalipa nyongeza ya uhaba kwa fani chache zilizotajwa kwa majina, ambazo nafasi zake zimetangazwa na hazikupata mtu, kwa muda maalumu na kwa vigezo vinavyoonekana, sioni mhadhiri wa fasihi ambaye angekuwa na neno zito la kupinga. Tatizo ni kwamba nyongeza haikufuata uhaba. Ilifuata ukuta mmoja mkubwa uliojengwa katikati ya elimu, upande huu sayansi, upande ule mengineyo, kana kwamba kila mwenye shahada ya sayansi ni adimu na kila mwenye shahada ya sanaa amejaa sokoni.

Kuna hoja dhaifu zaidi, nayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba hakuna aliyepunguziwa. Mshahara wa mhadhiri wa sanaa uko pale pale, wanasema. Aliyepandishwa ni mwingine, basi kinachomuuma ni wivu. Hoja hii inadhani mtu hupima mshahara wake kwa kuutazama peke yake. Utafiti wa mahali pa kazi, tangu maandishi ya J. Stacy Adams ya miaka ya 1960, unaonyesha kinyume: mtu hulinganisha anachotoa na anachopata, kisha hulinganisha uwiano huo na wa jirani yake. Akiona mizani imepinda, hurekebisha kile kilicho mkononi mwake, na kilicho mkononi mwa mhadhiri ni juhudi. Hatapunguza kufundisha, kwa sababu wanafunzi wanamtazama usoni. Atapunguza yale ya chuo. Tena jirani anayelinganishwa naye hayuko mbali. Wanakaa kwenye bodi moja ya wahadhiri, wanapandishwa vyeo kwa vigezo vile vile vya machapisho na shahada ya uzamivu, wanasaini fomu moja. Chuo kinapowadai sawa na kuwalipa tofauti, kinawaambia wa upande mmoja kwamba vigezo vyake vyenyewe havina maana. Hilo si wivu, wala haliwaumizi wa sanaa peke yao: mhadhiri wa kemia niliyezungumza naye hivi karibuni aliniambia tangu nyongeza iingie ameacha kulalamika hadharani kuhusu maabara isiyo na vifaa, kwa kuwa kila akifungua mdomo huulizwa anataka nini tena. Mshahara umepanda, sauti imeshuka.

Wapo pia wanaosema kwa urahisi kwamba asiyeridhika aondoke, na kwamba wanaobaki, kwa kubaki kwao, wanathibitisha kuwa hali inavumilika. Hapa mgawanyo wa Meyer na Allen unafaa sana. Anayeondoka kwanza ni yule anayeweza kuondoka, mwenye machapisho na marafiki nje. Wanaobaki ni mchanganyiko wa wapenzi wa kweli na wasio na pa kwenda, na kwenye daftari la mahudhurio huwezi kuwatofautisha. Idadi ndogo ya wanaojiuzulu inaweza kuwa dalili ya afya au dalili ya ganzi, na uongozi unaoisoma kama afya bila kuuliza zaidi unajidanganya.

Vyama vya wahadhiri navyo havina hoja isiyo na kasoro. Vimetufundisha kwa miaka mingi kwamba kila tatizo la chuo ni tatizo la mshahara, na kwa kufanya hivyo vimejifunga midomo kuhusu mengine. Kamati iliyoongozwa na Profesa Sylvia Tamale mwaka 2018 ilichunguza unyanyasaji wa kijinsia ndani ya Makerere; hakuna nyongeza yoyote inayoweza kutumika kueleza uovu wa aina hiyo, na anayeutetea kwa umaskini anawatukana wahadhiri maskini wasiofanya hivyo. Aidha, mfano mzuri tulio nao wa kuamsha moyo wa watu haukuwa nyongeza ya mshahara. Kuanzia mwaka wa fedha 2019/20 serikali iliipa Makerere shilingi bilioni 30 kwa ajili ya utafiti na ubunifu, na fedha hizo zikashindaniwa kwa maandiko ya miradi, na wa sanaa wakiwa na ruhusa ya kuomba kama wa sayansi. Kiasi hicho kwa chuo kikubwa kama kile hakimtajirishi mtu. Lakini kilifanya jambo ambalo posho haikuwahi kulifanya: kilimpa mhadhiri sababu ya kufanya kazi yake kubwa kabisa kwa jina la chuo chake, ndani ya chuo chake, pamoja na wenzake wa idara nyingine.

Kuhusu usimamizi sitasema mengi. Mashine ya kusoma alama za vidole, ambayo sasa iko kwenye milango ya ofisi nyingi za umma, inaweza kuthibitisha kwamba kidole kilifika saa mbili asubuhi. Kama mwenzangu wa rangi tatu angewekewa mashine hiyo katika vyuo vyote vitatu, angefika pote, na pengine angeikosa ile nusu saa ya Kibuye aliyoitumia kusahihisha.

Yanayofuata kutokana na hoja hii ni mambo ya kawaida yasiyovutia vichwa vya habari. Wahadhiri wa muda walipwe ndani ya muhula waliofundisha, kwa sababu kuchelewesha malipo madogo humwonyesha mtu nafasi yake chuoni kuliko hotuba yoyote. Anayepandishwa cheo baada ya kutimiza vigezo asikae miaka akisubiri fungu la mshahara unaolingana na cheo hicho. Usimamizi wa tasnifu na kazi za kamati zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi kama vipindi vinavyohesabiwa. Na kama fani fulani ni adimu, itajwe, ilipwe nyongeza ya uhaba iliyo wazi, na mshahara wa msingi wa cheo ubaki mmoja kwa wote.

Gharama ya kutofanya hivyo inaonekana kwa karibu kabisa katika lugha ninayoandikia. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka kuwa somo la lazima kwa vidato vya kwanza na vya pili. Julai 2022, wiki chache tu baada ya walimu wa sanaa kuanza mgomo wao, Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa. Mhadhiri anayemfunza mwalimu huyo ni mhadhiri wa sanaa, na msimamizi wa tasnifu ya mhadhiri huyo, pale anapopatikana, ni wa sanaa pia. Serikali hiyo hiyo, ndani ya msimu mmoja, ilitangaza kwamba inawahitaji watu hawa kwa maelfu na kwamba wasubiri. Shule za wilayani zinatafuta walimu wa somo hili sasa, na wanaopaswa kuwatoa ni idara chache za Kiswahili zenye wahadhiri wachache, ambao ratiba zao za wiki nyingi zimechorwa kwa rangi tatu.